Kabla hujapanda ngazi ya meli: kwenu wadogo zangu mnaoanza kazi ya baharini

Wadogo zangu, wiki iliyopita binti mmoja aliyemaliza chuo hapa Dar kanipigia kaniuliza swali moja tu, "dada, hivi huko melini mwanamke anaishije?" Nikaanza kumjibu, nikaja kushtuka nimeongea dakika 40 na hata nusu sijafika, ndo nikasema acha niandike yote sehemu moja. Mi ni ofisa wa pili kwenye meli za mizigo ya kumwaga, zile zinazobeba makaa ya mawe, ngano, mbolea. Nimezaliwa Tanga, nimeanza kama kadeti, yaani ofisa mwanafunzi, na meli yangu ya kwanza tulikuwa watu 21, mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Ninayoandika ni ya upande wa sitaha na kuongoza meli, wenzetu wa injini wana yao ila mengi tunafanana.

Kwanza tutoe hili. Utaambiwa sana bahari ni ya wanaume. Bibi yangu mimi alikuwa anaingoja bamvua, maji yakitoka anashuka mwambani na mchokoo wake kutafuta pweza, wenzake wanatanda dagaa kwa khanga, na Zanzibar huko Paje na Jambiani wanaolima mwani wengi ni kina mama, wanashinda kwenye maji ya chumvi mpaka vidole vinachubuka. Kwahiyo bahari tunaijua siku nyingi, tulichokuwa hatupewi ni chombo. Ripoti ya mwaka 2021 ya vyama vya wenye meli ilihesabu wanawake mabaharia wenye vyeti vya kimataifa 24,059 dunia nzima, mabaharia wote wakiwa kama milioni 1.89, yaani asilimia 1.28, na wengi wao wako kwenye meli za abiria. Nakutajia hizi namba usije ukafika ukajikuta peke yako ukadhani umekosea njia.

Haya, makaratasi. Kabla hujalipa hata shilingi ya ada nenda kapime macho, na waambie wakupime na rangi. Nimeona kijana amesoma miaka akaja kukwama kwa daktari kwasababu hatofautishi nyekundu na kijani, na usiku baharini taa nyekundu ya kushoto na ya kijani ya kulia ndo zinakwambia ile meli ya mbele inaelekea wapi. Kuna kosi za msingi za STCW, ule mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, ambazo kila baharia lazima awe nazo, kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi na kuishi na wenzako, na ile ya ulinzi wa meli. Ya majini na ya moto kila baada ya miaka 5 unatakiwa uonyeshe tena kwamba bado unaweza. Cheti cha afya hakizidi miaka 2. Kitabu cha baharia kwa Bara unaenda TASAC, Zanzibar ni ZMA, Kenya ni KMA, hizo ndo mamlaka zinazosimamia mambo ya meli. Vyote skani, weka kwenye simu, weka kwenye imeili, na kopi moja muachie mtu nyumbani.

Kinachowasumbua wengi ni muda wa baharini. Darasani unamaliza vizuri tu, ila kuwa ofisa wa zamu unahitaji miezi 12 melini ndani ya programu iliyoidhinishwa, na kile kitabu cha mafunzo kimejazwa na kusainiwa, ukiwa nje ya programu hiyo inakuwa miezi 36. Sasa nafasi za kadeti ni chache na sisi ni wengi. Mi nilikaa mwaka na miezi 4 nangoja, nauza vitenge na mama, kila asubuhi natuma maombi. Usione aibu hicho kipindi, ila usikae bure pia, soma sheria za kuzuia migongano mpaka uziote, maana kwenye intavyuu ndo wanakobana.

Na hapo kwenye kungoja ndo matapeli wanapokupatia. Kuna mtu alijiita wakala akanitaka hela ya "kushika nafasi", mama akauza mzigo wake wote wa vitenge kwa bei ya hasara, tukalipa, na yule mtu simu haikupatikana tena. Nililia wiki nzima, sio kwa ajili ya hela, kwa ajili ya mama. Laiti ningejua, mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ule wanauita MLC, unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Wewe unalipia paspoti yako, kitabu chako cha baharia na cheti chako cha afya, basi, hata viza ni juu ya mwenye meli. Akikwambia lipa kwanza upate meli, funga mazungumzo hapo hapo. Ulizia kwenye mamlaka kama wakala ana leseni, omba jina la meli na namba yake ya IMO, ile ya utambulisho ambayo kila meli ina yake, uiangalie mwenyewe kama ipo kweli na iko wapi. Na mkataba usome kabla hujapanda ndege, sio ukiwa getini bandarini na begi mkononi.

Meli yangu ya kwanza niliipandia Richards Bay kule Afrika Kusini, ilikuwa inapakia makaa ya kwenda India. Mwezi wa saba. Mi nilijiona najua upepo wa kusi, nimepanda majahazi ya Pemba tangu mdogo, lakini ile pwani kwenye baridi yao mawimbi yanakuja marefu yanainua meli ya mita 200 kama kifuu cha nazi. Siku tatu natapika. Nilichojifunza, usijifungie kabini, kule ndani ndo kunamaliza, toka uangalie upeo wa bahari, kula kikavu hata kama hutaki, mkate, biskuti, kunywa maji kidogo kidogo, tafuna tangawizi, na endelea kufanya kazi hata nyepesi. Siku ya nne nikaamka nikasikia njaa kama sijawahi kula.

Siku ya pili ile naumwa nilifungua droo ya kitanda natafuta mahali pa kuweka vidonge nikakuta kikaratasi kimekunjwa mara nne, mwandiko wa kike, kiingereza rahisi tu. Kadeti aliyekaa kile chumba kabla yangu, Mhindi nadhani kwa alivyoandika mambo ya chakula, jina hakuweka. Aliandika hivi: kitasa kinakwama, inua mlango juu ndo uzungushe ufunguo. Maji ya moto yana nguvu saa nne usiku. Serengi (msimamizi wa mabaharia wa sitaha) ni mtu mzuri, muulize chochote. Mashine ya kufulia ya ghorofa ya pili usitumie, wanaume wanafulia ovaroli zenye grisi. Usikubali kwenda kunywa chai kwenye kabini ya mtu yeyote, chai inywewe mesi (chumba cha kulia). Wiki ya kwanza ni mbaya kuliko zote.

Nilikisoma kama mara kumi. Huyo dada sijamuona mpaka leo ila ndo mtu wa kwanza aliyenikaribisha baharini, na ndo maana nawasisitizia sana mambo ya kuandika, mtaona huko mbele.

Kuhusu zamu. Kwa kawaida ofisa wa tatu ana saa mbili mpaka saa sita, wa pili ana saa sita mpaka saa kumi, chifu, yaani ofisa wa kwanza, ana saa kumi mpaka saa mbili, mchana na usiku, na kadeti unapachikwa kwa mmoja wao. Zamu ya saa sita usiku ndo yangu siku hizi na naipenda, giza, nyota, redio inakoroma kidogo, unasikia meli inapumua. Lakini ukiwa kadeti watakuita zamu ukimaliza wanakuita tena sitaha, ukitoka sitaha karatasi zinakungoja. Jua sheria: kupumzika sio chini ya saa 10 ndani ya saa 24, na sio chini ya saa 77 ndani ya siku 7, na zile saa 10 zisigawanywe zaidi ya vipande viwili, kimoja kiwe angalau saa 6. Jaza ukweli kwenye karatasi ya masaa. Najua utaambiwa "jaza kama wenzako", na kadeti kubisha ni ngumu, ila kwenye daftari lako mwenyewe andika masaa yako ya kweli.

Sasa hili la usalama nisikilizeni vizuri, maana sisi wanawake tuna mtego wetu: tunataka tuonekane hatuogopi. Tunanyanyua kilicho kizito kuliko uwezo, tunaingia tusikotakiwa ili mtu asiseme "si nilisema". Kwenye safari ile ile ya makaa niliambiwa nikachukue kitu kwenye ngazi ya kushukia ngama, yaani ndani ya tumbo la meli panapowekwa mzigo, mfuniko uko wazi, nikainama nianze kushuka, serengi akanidaka ukosi wa ovaroli akanivuta nyuma kwa nguvu mpaka nikaanguka. Mfilipino mtu mzima, hajawahi kunipandishia sauti, siku hiyo alifoka huku anatetemeka. Makaa yanakula oksijeni wadogo zangu, na yanatoa gesi, hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21 ila mle ndani inaweza ikawa imeshuka na hakuna harufu wala dalili, unashuka ngazi tatu unapoteza fahamu, na anayekuja kukuokoa anakufa juu yako. Ngano inafanya hivyo, magogo yanafanya hivyo, hata kutu kwenye tangi lililofungwa. Bila kupima hewa na bila kibali kilichosainiwa usiingie hata kama anayekuagiza ana mistari minne begani, yaani kapteni mwenyewe. Na kamba za kufungia meli gatini, usisimame zinapoelekea, ikikatika inarudi na inaweza kukukata miguu. Kusema "siingii mpaka ipimwe" hakukupunguzii chochote.

Vifaa pia. Nilipewa ovaroli ya mwanaume wa futi sita, nikakunja mikono na miguu, buti nikavaa soksi tatu. Mkunjo unanasa kwenye mashine, buti kubwa linateleza kwenye ngazi ya rubani. Tuma saizi zako mapema kabla hujapanda, kwa maandishi, marekebisho ya MLC yaliyoanza Desemba 2024 yamesema wazi vifaa vya kinga viwe vya saizi inayomfaa baharia. Kwa tunaojistiri, tafuta hijabu ya kitambaa cha kuvutika, inayobana, haina pini wala ncha ya kuning'inia, inakaa vizuri chini ya helmeti. Nywele suka za kulala, mabutu yanazuia helmeti.

Hedhi. Naandika wazi kwasababu mimi hakuna aliyeniambia. Beba pedi za mkataba mzima na akiba juu, usitegemee bandari, meli za mizigo ya kumwaga zinaweza kukaa nangani wiki tatu na hakuna wa kushuka. Usitupe kitu chooni hata kimoja, vyoo vingi vya meli vinavuta kwa vakyumu, kikiziba chako kinaziba cha wenzako na kila mtu atajua ni nini. Na usitupe baharini, plastiki ya aina yoyote kutupa baharini ni marufuku. Funga kwenye mfuko, weka kwenye taka za kuchomwa. Tumbo likiuma sana nenda kwa anayeshika kabati la dawa, meli nyingi ni ofisa wa pili, mwambie "naumwa hedhi nahitaji dawa", ni ugonjwa kama mwingine. Mi tangu nishike hilo kabati naweka pedi pakti kadhaa kwenye oda ya dawa za kila meli. Kuna kapteni aliwahi kuniuliza hizi za nini wakati mwanamke ni wewe peke yako, nikamwambia kapteni, mimi nitashuka, atapanda mwingine. Akasaini.

Nije kwenye lile ambalo najua ndo mnaliogopa. Wanaume wengi niliofanya nao kazi ni watu wa heshima, nimefundishwa na watu waliokuwa wananiita mwanangu na kweli wakanitendea kama mwanao. Lakini mmoja anatosha. Meli yangu ya pili alikuwepo mkubwa mmoja wa injini, akaanza kwa kugonga mlango saa saba usiku kuomba chaja, kesho kuomba panadol, keshokutwa anasema tu nilikuwa napita. Mkononi ananishika kidogo kwenye korido, akipita mtu anacheka. Mwezi mzima nilijiuliza labda mi ndo nimemchekea sana mesi. Wadogo zangu hicho kipindi cha kujiuliza ndo kinakula nguvu kuliko kitu chochote.

Kilichonitoa ni daftari. Nilianza kuandika kila kitu, tarehe, saa, mahali, alisema nini kwa maneno yake, nani alikuwepo. Siandiki hisia, naandika kilichotokea. Nikajaza kurasa nne. Nikaenda kwa chifu, akaniambia achana naye mkataba wake unaisha. Sikuachana naye. Kila meli ya kimataifa ina mtu wa ofisini nchi kavu anaitwa DPA, jina na namba yake vinabandikwa ukutani, na baharia yeyote ana haki ya kumfikia moja kwa moja. Nikapiga picha zile kurasa nikamtumia. Siku mbili akanijibu, akaongea na kapteni, yule bwana akaonywa kwa maandishi, akakatazwa korido yetu, bandari iliyofuata akateremshwa. Na kitasa changu kikatengenezwa siku ile ile, kitu nilichokuwa naomba tangu napanda.

Sitawadanganya kwamba iliisha vizuri siku hiyo hiyo. Wiki tatu nikiingia mesi mazungumzo yanakatika, kuna waliosema nimemharibia mtu riziki. Mpishi ndo alikuwa ananiwekea sahani yangu na kukaa mezani kwangu bila kusema neno, na sitamsahau. Kwahiyo kabla hujaripoti jua utapita hapo, na jua pia kwamba inapita. Kama melini hakuna wa kumwambia, ISWAN, shirika la kimataifa la kusaidia mabaharia, wana laini ya mabaharia ya bure ya saa 24 inaitwa SeafarerHelp, na wakaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, wapo bandari nyingi. Chukua namba zao kabla hujasafiri, sio ukiwa huko intaneti imekata.

Mnaona kwanini nasisitiza kuandika. Usipokisema kisa chako mwenyewe, kuna mtu atakusemea. Machi 2021 ile meli ya makontena Ever Given ilipokwama kwenye mfereji wa Suez siku sita, mtandaoni ilisambazwa habari ya uongo, imetengenezwa ifanane na gazeti la kweli, kwamba aliyeikwamisha ni Marwa Elselehdar, nahodha wa kwanza wa kike wa Misri. Wakati huo yeye alikuwa kazini Alexandria, kwenye meli nyingine kabisa. Kwanini yeye? Kwasababu ndo mwanamke waliyemjua jina. Akajitokeza akaeleza mwenyewe alikuwa wapi, na leo kisa chake kinajulikana kama alivyokisema yeye. Mwaka huo huo kadeti mmoja wa kike wa chuo cha meli cha serikali ya Marekani aliandika, bila kutaja jina, jinsi alivyobakwa akiwa kwenye mafunzo melini. Yale maandishi yakasomwa sana, chuo kikasimamisha kwa muda kupeleka kadeti baharini, na Desemba 2022 ikapita sheria inayotaka meli zao ziwe na kamera kwenye korido za vyumba vya kulala na funguo kuu zidhibitiwe. Karatasi ya msichana mmoja hiyo. Na huku kwetu mnao wa kuwauliza, kuna WOMESA, chama cha wanawake wa sekta ya bahari Afrika Mashariki na Kusini, kilianzishwa Mombasa mwaka 2007, watafuteni mapema, msingoje mpaka mkwame.

Nyumbani nitapita haraka. Waambie ukweli kuhusu mkataba ni miezi mingapi, mshahara wako usiutangaze kwa ukoo mzima, na mpange siku ya kupiga simu ili siku ukikosa mtandao mama asidhani umezama. Misiba itakukuta huko. Bibi yangu alifariki nikiwa katikati ya Bahari ya Hindi, nikaambiwa saa nane usiku nikiwa zamu, nikamaliza zamu yangu nikaandika logi, nikashuka nikasali. Ongeeni haya mkiwa bado mpo pamoja, nani atasimama badala yako.

Siku ya kushuka sasa. Usiguse begi kabla hujapata barua ya utumishi wa baharini, imesainiwa na kapteni, ina muhuri wa meli, tarehe ya kupanda na kushuka zinafanana na kitabu chako cha baharia. Hakikisha kitabu cha mafunzo kimesainiwa kila ukurasa uliofanya, maana kapteni akishabadilika kumtafuta ni kazi ya miezi. Hesabu mshahara wako kwenye karatasi kabla hujasaini kwamba umemaliza. Halafu rudi kabini, kaa dakika kumi, muandikie anayekuja.

Mimi ile meli ya pili niliacha hivi kwenye droo: Kitasa ni kipya, funguo ziko mbili, zote nimekuachia, hakikisha unaziona zote mbili. Pedi zipo kabati la dawa, huna haja ya kuomba, chukua. Mpishi ni mtu mzuri. Namba ya DPA iko ukutani karibu na mesi lakini nimekuandikia na hapa chini. Kushoto chini ya kitanda kuna buti saizi 38, sijazivaa sana, ni zako.